Ukingo wa Mashua ya Arbia

Kipini,
4 Agosti 1966

Ndugu yangu Nunow Rage,

Salamu zako ziko mwisho wa barua, kwa sababu habari si nzuri na ni afadhali nizitangulize. Mashua yako imechoka. Huu ni mwaka wa pili iko juu ya magogo hapa mdomoni mwa mto, haijaonja maji. Mimi sina ruhusa ya kwenda nayo kaskazini na wewe huna shehena ya kunipa. Jua lakini haliombi ruhusa, linapiga tu.

Mwili wake ni mzima. Mbavu nimezigonga kwa nyundo moja moja, zinaitika. Kilichokwisha ni ukingo, ule mkanda wa mbao unaoizunguka mashua kwa nje, juu kabisa, unaopokea vishindo vya gati. Umegeuka kijivu, umepasuka, na upande wa kushoto nikiuminya kwa kidole gumba kinazama kama kwenye muhogo uliolala. Misumari inachungulia nje.

Ningengoja, ila imetoka amri. Vyombo vyote vya huku vikaguliwe kabla mwaka haujaisha, maana inasemekana vinabeba watu wa msituni na bunduki zao. Kisichofaa baharini kitapasuliwa papo hapo kiwe kuni. Juzi walianza na cha jirani yangu, chenye ukingo kama wako. Sasa tunakipikia wali.

Mbao sina. Waliokuwa wakinikatia miti visiwani wamekimbilia Lamu. Wewe uko kwenye mto huu huu, juu, penye misitu. Nitafutie mti mgumu, mkavu, unaokubali kupinda, jumla dhiraa arubaini na tano. Kazi niachie mimi.

Haya, salamu sasa. Nisalimie shemeji Arbia, umwambie jina lake bado linasomeka nyuma ya mashua, ingawa herufi ya kwanza imebanduka.

Fundi wako,
Lali Shekuwe

* * *

Garissa,
30 Agosti 1966

Walaal Lali (ulishazoea, ndivyo tunavyomwita ndugu),

Assalamu alaykum. Barua yako imechukua siku kumi na tisa na ilifika ikiwa imefunguliwa. Hii nayo itafunguliwa. Kwa hiyo nawasalimu wasomaji wetu wa njiani na kuwaombea subira, kwani humu hawatapata ila habari za mbao.

Unasema niko penye misitu. Msitu upo, nauona kutoka hapa nilipokaa. Siku hizi kuuona ni jambo moja na kuufikia ni jambo la pili. Tumehamishiwa karibu na mji, nyumba zimepangwa mistari, na kuna fensi. Si pabaya sana. Tunahesabiwa asubuhi, tunahesabiwa jioni, na mtu wa kuhesabiwa mara mbili kwa siku hawezi kupotea.

Ngamia wamepungua kidogo. Ngozi za kuuza hakuna. Nakueleza haya usije ukadhani nachelewa kwa uvivu. Mashua hiyo ndiyo mali yangu pekee iliyo nje ya fensi, Lali. Vita hivi vitaisha, kila vita huisha, na siku hiyo nitateremka Kipini na Arbia tuanze upya, tubebe chumvi, tubebe papa mkavu, chochote. Ikipasuliwa, sina pa kuanzia.

Nilimsomea Arbia barua yako. Unajua anavyoiita mashua, mke mwenza. Akasema, "Mke mwenza amezeeka kabla yangu, alhamdulillahi." Halafu akakoroga chai mpaka ikapoa. Kesho yake akaniambia mbao zipo.

Nakutumia fito kumi na moja kwa lori la msafara la Jumatatu. Dereva ni Keinan, mtu wangu. Zimepinda, lakini usizidharau.

Nisalimie ndugu yako Athman. Mbona siku hizi humtaji?

Nduguyo,
Nunow Rage

* * *

Kipini,
27 Septemba 1966

Nunow,

Mzigo umefika. Nilipoufungua nilimwita jirani aje tucheke wote. Nimeomba mbao, nimeletewa mbavu za ngamia! Hakuna hata ufito mmoja ulionyooka. Zote nyeusi kwa moshi, zina makovu ya kamba, na mmoja una alama ya moto kubwa kama kiganja. Nikasema, Nunow ameokota kuni jikoni kwa watu. Mbili nilishazisogeza karibu na sufuria ya lami nizichochee.

Mungu amenizuia. Nilipitisha randa juu ya mmoja, randa ikakataa. Nikaja na patasi, patasi ikapinda ulimi. Moshi umeingia mpaka kiini, mdudu hana pa kuuma. Na kule kupinda nilikokucheka, kumbe ubavu wa mashua nao umepinda. Niliuegemeza ufito pale nao ukakaa wenyewe, sikuuchoma moto wala kuulowesha. Huyo aliyezipinda fito hizi ni fundi kuliko mimi, nami siyasemi maneno hayo kila mwaka. Ni nani?

Nimezikata, nimezipasua kati kwa msumeno, nimezitoboa kwa keekee na kuzigongomea. Pande mbili zimekwisha. Kumebaki nyuma, kwenye shetri, pale ukingo unapozunguka kutoka ubavu mmoja hadi wa pili. Hapo nataka mti mmoja tu, dhiraa saba, uliopinda tangu mwanzo mpaka mwisho. Nikiunga vipande viwili mkaguzi ataona, na maji yataona kabla yake. Muulize aliyekupa hizi. Mwenye fito kama hizi hakosi mmoja mrefu.

Macho yamechoka, mgongo umechoka. Mikono bado inanitii.

Lali

* * *

Garissa,
21 Oktoba 1966

Walaal Lali,

Umetufurahisha. Pale uliposema aliyezipinda ni fundi kuliko wewe, Arbia alinitaka nirudie mara tatu. Mara ya tatu aligeukia ukutani.

Aliyezipinda ni bibi mmoja wa Hulugho, amefariki zamani. Zilikuwa fito za nyumba ya mtu ambaye siku hizi hahami, hana haja nazo. Ule mrefu upo, umekisia vizuri. Lakini mwenyewe hataki kuutoa, nami siwezi kumlazimisha. Nikimtazama usoni hata kuomba siwezi. Nitatafuta mwingine, maana fito hizi ni mizizi ya mgunga.

Nimechoka, Lali. Si uchovu wa kazi, maana kazi hakuna. Ni uchovu wa kukaa. Mtu aliyezaliwa kutembea ukimkalisha, magoti humuuma kuliko ya mbeba mizigo. Tunaruhusiwa kutoka kuokota kuni kuanzia saa tatu hadi saa sita mchana, mwisho wetu ni mstari wa mawe meupe. Migunga yenye mizizi mirefu iko ng'ambo ya mawe.

Athman hajambo? Umeniruka tena.

Nunow

* * *

Kipini,
12 Novemba 1966

Nunow Rage,

Barua yako haina mti ndani. Nimeitikisa, haukuanguka.

Mkaguzi anakuja tarehe ishirini na nane Desemba, tangazo limebandikwa ukutani. Katikati ya mwezi huo tunaanza kufunga, na kwa umri huu nikifunga siwezi kushika tezo kutwa nzima. Mashua yako imevaa nguo mpya ubavu huu na ubavu ule, makalio yamebaki wazi. Mke mwenza hivyo alivyo hatapita. Miaka miwili nimemlinda kama wangu, nimemfukuzia kaa na watoto na walevi, sikukuomba hata ahsante. Nimeomba mti mmoja.

Eti mwenyewe hataki. Eti huwezi kumlazimisha. Eti mawe meupe. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, Nunow. Mzizi uko ardhini. Kama mwenye nao anakunyima, chukua jembe ukachimbe mwenyewe, au uniambie tuache, nimpasue kwa mikono yangu kabla hawajaja kumpasua wao.

Lali

* * *

Garissa,
7 Desemba 1966

Kwa Fundi Lali Shekuwe,

Jina langu ni Warfa, mfunga vidonda wa hospitalini hapa Garissa. Naandika kwa niaba ya Arbia, mke wa Nunow Rage. Yeye anasema kwa Kisomali, mimi naweka kwa Kiswahili. Ameniapisha nisipunguze wala nisiongeze. Kuanzia hapa ni maneno yake.

Shemeji,

Nunow amefariki. Ilikuwa Alhamisi, tarehe ishirini na nne Novemba. Alitoka na wenye kuokota kuni, begani ana jembe, akavuka mawe meupe. Tulisikia risasi mbili. Saa sita wenzake walirudi, yeye hakurudi. Wengine wanasema ni watu wa msituni, wengine wanasema ni walinzi. Mimi sikuuliza zaidi, kwa kuwa hakuna jibu litakalomwamsha. Walipomleta mikono yake ilikuwa na udongo mpaka kwenye viwiko. Mzizi alikuwa ameuchimba nusu.

Sasa nakuambia aliyokuficha. Alikuficha kwa aibu, si kwa ubaya. Ngamia hawakupungua kidogo. Walipigwa risasi wote siku moja mwezi wa Julai, thelathini na mmoja, pamoja na yule mzee aliyebeba nyumba yangu. Maana nyumba zetu sisi hubebwa. Ni mizizi ya mgunga iliyopindwa, husimamishwa ikafunikwa mikeka, na siku ya kuhama hufunguliwa ikapanda juu ya ngamia. Ni mali ya mwanamke. Yangu aliichimba mama yangu kule Hulugho, akaifukia kwenye mchanga wa moto, akaipinda kwa mawe na kamba na magoti yake mwenyewe, akanipa siku ya ndoa yangu. Miaka kumi na tisa nimepika chini yake. Huo ndio moshi ulioshinda randa yako.

Zile kumi na moja nilizitoa mimi. Nunow hakuniomba. Nilisema nyumba isiyo na ngamia ni kuni, afadhali ikamvike mke mwenza. Lakini ule mrefu ndio wa katikati, ndio unaosimamishwa kwanza. Mwenye huo anaweza kutafuta mingine akajenga tena. Asiyekuwa nao ana mikeka tu. Basi niliukataza. Nikawa naulalia, umefichwa chini ya mkeka wangu kama kwamba ndani mna mwizi, na ndani hamkuwa na mtu ila mume wangu, ambaye hakuugusa hata siku moja.

Barua yako ya mwisho alinisomea yote. Pale uliposema umeitikisa na mti haukuanguka, alicheka mpaka akakohoa. Alipomaliza akasema, "Fundi amechoka." Akaenda kuazima jembe kwa jirani.

Sikuandikii ili nikulaumu. Kama ni lawama, mimi niliyelalia mti niko mbele yako kwenye foleni. Nakuandikia ili ujue, kwa sababu nimechoka na watu kufichana.

Mti anauleta Keinan. Usiukate mfupi.

Arbia Kerrow
(kwa mkono wa Warfa)

* * *

Kipini,
17 Januari 1967

Shemeji Arbia,

Mungu amrehemu Nunow, amlaze mahali pema. Barua hii nimeianza mara nne, nikaichana mara nne. Hii ya tano naipeleka ilivyo.

Nilidhani mawe meupe ni kisingizio. Nilidhani fensi ni fensi ya mbuzi. Mimi nimezaliwa kisiwani, nyumba kwangu ni mawe na chokaa, ikishajengwa imejengwa. Nimeishika nyumba yako kwa mikono hii, nimeigeuza huku na huku, nimeyaona makovu ya kamba, na sikujua kuwa ni nyumba. Nimeipiga msumeno. Halafu nikamwambia mwenye nyumba akachukue jembe. Nisamehe, shemeji, ikiwa jambo kama hili linaombewa msamaha kwa barua.

Umesema umechoka na watu kufichana. Basi na langu hili hapa. Nunow alikuwa akiniuliza habari za ndugu yangu Athman, nami nikimruka. Athman aliuawa mwaka juzi kule kwetu kaskazini, walipokuja watu wenye bunduki wakachoma kijiji. Walikuwa wakisema lugha yenu. Sikumwandikia Nunow kwa kuwa nilijua angejiona mkosaji. Hiyo ni nusu ya sababu. Nusu ya pili ni kwamba ziko siku, nikiwa peke yangu na nyundo, nami nilimwona mkosaji. Kisha barua yake inakuja na mzaha wake, nacheka, na nachukia kwamba nimecheka. Sasa najiuliza kama ule ukali wa Novemba ulikuwa wa mti kweli. Najiuliza kila siku, na sipati jibu ninalolipenda.

Mti ulifika tarehe kumi na nane Desemba, tunafunga. Sikuukata hata shibiri. Ulizidi kidogo, kwa hiyo nikang'oa misumari niliyokwisha kupiga ubavuni, nikafupisha ncha za nyuma za ukingo wa pande zote mbili, mti ukaenea mzima. Mkaguzi alipokuja alipitisha kiganja tangu mwanzo mpaka mwisho akitafuta kiungo. Hakukipata. Akaniuliza ni mti gani huu, nikamwambia ni nguzo ya nyumba ya mwenye chombo. Alidhani namtania. Akapiga muhuri. Mashua haitapasuliwa, na karatasi yake ina jina lako.

Nikueleze nyumba yako iko wapi, usije ukadhani imepotea. Fito mbili zinazofanana ziko mbele kabisa, zimekutana puani. Ule wenye alama ya moto uko upande wa kulia, sambamba na mlingoti. Ule wa katikati uko nyuma, pale mshika usukani anapoegemeza mgongo. Makovu ya kamba sikuyapiga randa.

Limebaki jambo moja. Ukingo mpya sharti upakwe mafuta ya papa kabla ya mvua za Aprili, la sivyo utapasuka kama wa kwanza. Mafuta yako kwenye pipa, tayari. Ninaahirisha. Jua likipanda, mashua nzima inanuka moshi wa jikoni kwako, na unajua harufu ya mafuta ya papa, haikai na mwenzake. Niambie nifanyeje.

Lali Shekuwe

* * *

Garissa,
6 Machi 1967

Shemeji,

Ni Warfa tena anaandika.

Langu nimesamehe. La Nunow si langu kusamehe, ila nimeishi naye miaka kumi na tisa na namjua. Habari ya Athman ungemwambia. Angelia, halafu angekuandikia barua ndefu ya kukuchosha. Mimi nimemwombea Athman kwa jina lake.

Ule ufito wenye alama ulikuwa juu ya kichwa cha Nunow alipokuwa akilala. Niliuunguza mimi, wiki ya kwanza ya ndoa, nilipokuwa sijui kuwasha moto ndani ya nyumba. Alinitania nao mpaka mwaka huu uliopita. Hapo ulipouweka panafaa.

Eda yangu inakwisha Jumamosi, tarehe mosi Aprili. Nimepewa pasi ya siku kumi na nne kwenda Kipini kuona mali yangu. Keinan atanichukua Jumatatu itakayofuata. Bahari sijawahi kuiona na sina hamu nayo. Naleta mikeka yangu na kamba zangu, na wewe utanionyesha pa kuifungia humo mashuani.

Pipa lako lifunike. Mvua ikinitangulia, itandikie mashua turubai, lakini usipake mafuta. Nataka kukaa humo siku moja ikiwa bado inanuka nyumbani kwangu. Siku ya pili utanipa kitambaa, nipake mwenyewe.

Arbia